Mchezo, Igizo na Kazi ya Vitendo: Maoni juu ya Istilahi za Kufundishia Maarifa ya Jamii

Katika miongozo ya walimu wa shule za msingi limo neno moja lililobebeshwa mzigo uliozidi nguvu zake, nalo ni neno mchezo. Mwalimu huambiwa atumie mchezo ili watoto waelewe kazi za serikali ya kijiji, matumizi ya ardhi au desturi za jamii mbalimbali. Shauri hilo ni jema, wala hatuna ugomvi nalo. Tunalotaka kulichunguza hapa ni istilahi zinazolichukua shauri hilo kutoka kwa mtaalamu hadi kwa mwalimu, kwani twaona kwamba baadhi yake, kama mtungi uliopasuka, hufika zikiwa tupu.

Yafaa kwanza tueleze jina la somo lenyewe. Somo la Siasa liliondoka baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, na Uraia ukashika nafasi yake. Baadaye Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii. Mtaala wa mwaka 2005 ukavitenganisha. Jina la Maarifa ya Jamii likarudi tena katika muongo uliofuata. Na mtaala wa mwaka 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira. Katika makala hii tutatumia jina Maarifa ya Jamii kwa masomo hayo yote, maana mbinu tunazozijadili ni zilezile.

Tukirudi kwenye neno mchezo, kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba lina maana nyingi. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, na tamthilia iliyo jukwaani ni mchezo wa kuigiza. Lakini mwalimu anaponyamazisha darasa husema "Acheni mchezo!", na jambo zito husifiwa kwa kuambiwa kwamba si mchezo. Methali nayo inaonya kuwa mchezea wembe humkata. Basi mwongozo unaposema "tumia mchezo" bila kueleza ni mchezo wa namna gani, mwalimu hajui aandae kanuni, aandae wahusika au awatoe watoto nje. Naye mzazi anayepita dirishani husema kwamba siku hizi shuleni watoto wanacheza tu. Neno limemponza mwalimu kabla hajaanza kazi.

Ili kuliziba pengo hilo, watunzi wa istilahi wameleta maneno mapya, ambayo sasa yameenea katika miongozo na semina: bungua bongo, igizo dhima, kisa mafunzo, matembezi ya galari, na fikiri-jozisha-shirikisha. Tumfikirie mwalimu anayeyapokea maneno hayo huko Mwese.

Mwese iko katika nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, ambao ulianzishwa mwaka 2012. Zamani eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda. Ni nchi ya Watongwe na Wabende. Katika miaka ya 1960 palifunguliwa hapo makazi ya wakimbizi kutoka Rwanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakimbizi wengi wa Rwanda waliokuwa nchini walipewa uraia wa Tanzania. Katika nchi ya namna hiyo, mtoto huweza kukaa dawati moja na mwenzake ambaye nyumbani kwao husemwa Kitongwe, Kibende, Kinyarwanda au Kisukuma. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Neno la mwongozo lisipoeleweka hapo, hakuna lugha nyingine ya darasa zima ambayo mwalimu anaweza kuikimbilia. Atafunga mwongozo, aandike ubaoni wajibu wa raia, na watoto wanakili. Nasi twaona ni hasara kubwa kwamba mjukuu wa mtu aliyeupata uraia kwa hati ajifunze uraia kwa kunakili.

Sasa tuyapime maneno hayo. Bungua bongo lina kasoro iliyo wazi kwa mkulima yeyote. Kubungua ni kazi ya wadudu walao nafaka na mbao. Mkulima wa mahindi akifungua ghala akakuta unga mahali pa punje, husema mahindi yamebunguliwa. Tangu dumuzi aonekane mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, neno hilo limekuwa la msiba katika nyumba nyingi za magharibi mwa nchi. Kumwambia mtoto wa nyumba hizo abungue bongo ni kumwambia aule ubongo wake mpaka ubaki kapi. Chemsha bongo ni neno lililokwisha kukubalika kwa mafumbo na mashindano ya maswali. Hata hivyo, kwa kazi inayokusudiwa hapa yatosha kusema kutoa mawazo.

Igizo dhima lina kasoro ya namna nyingine. Muundo wake si mgeni, kwani tunayo majina kama askari kanzu na bata maji. Lakini dhima ni jukumu au wajibu, na mwalimu asiyejua asili ya istilahi huweza kudhani kwamba ni igizo linalofundisha wajibu. Kumbe kinachotakiwa ni mtoto ajifanye mtu fulani, kama vile mwenyekiti wa kijiji, mfugaji au mama mwenye shamba kando ya mto, kisha aseme kama mtu huyo angesema. Matembezi ya galari, kwa upande wake, hayamwambii kitu mtu ambaye hajawahi kuona galari. Kadhalika jozisha limetokana na jozi, neno tulizoea kulisikia kwa viatu. Watoto huambiwa wakae wawili wawili. Kisa mafunzo tunalikubali, maana mtu akilisikia hutarajia kisa chenye mafunzo, na ndicho anachokipata.

Huenda tukajibiwa kwamba kila neno jipya huonekana geni, na kwamba bunge na ikulu, yaliyotoka katika lugha za bara, nayo yalikuwa mageni kwa wengi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini bunge na ikulu yalitaja vitu ambavyo kila mtu angeonyeshwa. Istilahi ya mbinu haitaji kitu, inaagiza tendo. Isipoeleweka, tendo halitendeki, na hakuna pa kuonyesha.

Kwamba Kiswahili hakipungukiwi na uwezo huo, ushahidi ni michezo yenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na lina istilahi kali kuliko za ofisi nyingi: hatua ya kunamua na hatua ya mtaji, kichwa na kimbi, kula, na kutakata, yaani kucheza bila kula. Kila moja humwambia mchezaji afanye nini au yuko wapi. Jina kombolela, lililo karibu na kitenzi komboa, hudokeza kwamba walioshikwa waweza kukombolewa.

Na hapo ndipo Mwese inapotufundisha. Wanyarwanda wana igisoro, ambao nao una mashimo 32 na kete 64. Katika igisoro kete zote hupangwa ubaoni tangu mwanzo. Katika bao kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akaziingiza mojamoja. Mwalimu akichimba mashimo uwanjani na kuwatuma watoto wakaulize kanuni za wazee wa nyumbani kwao, amepata somo zima la desturi za jamii, la ujirani na la kukubaliana juu ya sheria. Kwa mchezo huo hahitaji istilahi mpya hata moja.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo kimoja: istilahi ya mbinu iweze kugeuzwa kuwa agizo ambalo mtoto wa darasa la tatu atalitii bila kufasiriwa. "Tuigize mkutano mkuu wa kijiji" ni agizo la namna hiyo. Watoto watachagua halmashauri, wataambiwa kwamba kwa sheria ya mwaka 1982 wajumbe wake hawapungui 15 wala hawazidi 25, na watabishana kisima kichimbwe wapi.

Tunayaleta mapendekezo yafuatayo yajadiliwe:

mchezo: wenye kanuni na ushindani tu, kama bao
igizo: mtoto anapojifanya mtu mwingine, badala ya igizo dhima
kutoa mawazo: badala ya bungua bongo
kuzungukia kazi za ukutani: badala ya matembezi ya galari
wawili wawili, kisha wote: badala ya fikiri-jozisha-shirikisha
kazi ya vitendo: kupima, kuchora ramani, kuhoji wazee

Baadhi ya mapendekezo haya ni marefu kuliko istilahi zinazoondolewa, na wapenda ufupi watayalaumu. Tunaomba walaumu baada ya kuyasoma mbele ya darasa.