Kitabu Kidogo cha Aristoteles juu ya Serikali ya Atene

Katika masomo yetu ya falsafa, kijana anakutana na demokrasi ya Wagriki mara ya kwanza kwa njia ya kifo cha Sokrates. Anafungua Apologia ya Plato, anamwona mzee mwenye haki amesimama mbele ya waamuzi wapata mia tano. Wanapiga kura, na katika mwaka 399 mbele ya Kristu mzee anakunywa sumu. Tangu siku ile neno demokrasi ya Atene lina harufu ya sumu puani mwake. Sisi wenyewe tulifundishwa vile, na tuliwafundisha wengine vile vile. Hatusemi kwamba Plato alisema uongo. Lakini mtu anayejua kijiji kwa kesi moja tu iliyokatwa vibaya, hajui kijiji kile. Kwa hiyo tunataka kuongea juu ya kitabu kingine, kidogo, kisicho na utamu wa Plato, ambacho wanafunzi wetu hawakisomi sana: Serikali ya Waatene, kinachoitwa cha Aristoteles.

Kitabu hiki kilipotea kwa karne nyingi. Watu wa kale walikitaja, lakini hakuna tena aliyekuwa nacho. Halafu mafunjo yalipatikana huko Misri, yakapelekwa Uingereza, na katika mwaka 1891 Kenyon, mtu wa British Museum, akayapiga chapa. Upande mmoja wa mafunjo ulikuwa na hesabu za shamba, mapato na matumizi, za miaka 78 na 79 nyuma ya Kristu; upande wa pili ndipo mtu alipoandika kitabu chetu. Mwanzo wake umekosekana. Wenye elimu wanabishana kama aliyekitunga ni Aristoteles mwenyewe ao mmoja wa wanafunzi wake. Sisi tutasema Aristoteles, tusichoshane.

Sehemu ya kwanza ni historia, na ukurasa ulio bora ni ule wa Solon. Maskini wa Atene walilima mashamba ya matajiri. Wakishindwa kulipa, wao na watoto wao walikamatwa kuwa watumwa, kwa sababu mtu alikopa kwa kuweka rehani mwili wake. Solon alishika madaraka katika mwaka 594. Akafuta madeni yale, akakataza kabisa rehani ya mwili. Tena akatoa ruhusa kwa mtu yeyote kumshitaki mkosaji kwa ajili ya mwenzake aliyeonewa. Tatu, akawaruhusu watu kukata rufani mbele ya baraza la waamuzi. Hayo matatu, asema Aristoteles, ndiyo yaliyowafaa watu wote kuliko mengine. Tuangalie vema mpango wake. Hakuanza na uchaguzi wa wakubwa. Alianza na mwili wa mtu, kisha mdomo wa jirani, kisha masikio ya baraza. Hatujaona mwandishi wa kale aliyesema jambo hili kwa maneno machache namna hii.

Juu ya Peisistratos, aliyetawala kwa mabavu, anatuletea hadithi ya mkulima mmoja mlimani Himetto, aliyechimba mawe matupu. Alipoulizwa anapata nini, akajibu kwamba anapata maumivu, na Peisistratos achukue sehemu yake ya kumi katika maumivu hayo. Mtawala akacheka, akamsamehe kodi. Hadithi ni nzuri. Labda ni nzuri mno.

Kleisthenes, katika mwaka 508, alifanya kazi ngumu zaidi. Aliwapanga watu upya katika makabila kumi, na kila kabila alilifanya kwa sehemu tatu: moja ya mjini, moja ya pwani, moja ya bara. Mtu akaanza kuitwa kwa kijiji chake, wageni wa juzi wasipate kujulikana kwa jina la baba. Kila kabila lilitoa watu hamsini, wakawa mia tano katika halmashauri ya mji. Msomaji aliyeona ugomvi wa ukoo na ukoo hahitaji tumweleze sababu.

Lakini hatutaki kumsifu Aristoteles tu. Anakosea, na mara nyingine anakosea sana. Anasema kwamba Themistokles alimsaidia Efialtes kuwanyang'anya wazee wa Areopago nguvu zao, katika mwaka 462. Na huku Themistokles alikuwa amekwisha kufukuzwa mjini miaka mingi mbele. Anasema kwamba majemadari wote kumi wa vita vya Arginusai, katika mwaka 406, walihukumiwa kwa kura moja. Xenofon, aliyeishi siku zile, anasema walihukumiwa wanane, wakauawa sita. Hukumu ile ilikuwa aibu kubwa bila kuiongeza. Tena hapendi watu wadogo wapewe kitu. Perikles alipoanza kuwalipa waamuzi, Aristoteles anasema alifanya hivi kwa kuwa hakuwa na mali ya kushindana na ukarimu wa Kimon. Pengine ni kweli. Lakini mkulima anayeacha jembe siku nzima ili asikilize kesi atakula nini jioni? Oboli mbili, na baadaye tatu, ndizo zilizomfungulia mlango. Hapa tunasikia mwandishi aliyezoea kuketi mezani pa wenye mali.

Kosa lililo zito kuliko yote ni la kunyamaza. Anaeleza kwamba fedha ilipatikana katika machimbo ya Maronea, talanta mia, na Themistokles akaifanyiza merikebu mia moja, zile zilizopigana na Wapersi. Sawa. Nani aliyechimba? Hasemi. Walichimba watumwa, watu walionunuliwa nchi nyingine. Solon alikomboa mwili wa Mwatene; mwili wa mgeni uliendelea kuuzwa sokoni, na wanawake wa Atene wenyewe hawakuwa na sauti mkutanoni. Aristoteles anapita hapo kama mtu apitaye mbele ya mlango uliofungwa. Sisi tuliosoma waraka kwa Filemoni hatuna ruhusa ya kupita vile.

Sehemu ya pili ni kavu, inafanana na sheria za nyumba. Wengi huiacha. Tunasema wanaacha mbegu wanachukua ganda. Humo tunaona kwamba kazi nyingi za serikali ziligawanywa kwa bahati nasibu, kama Mitume walivyofanya kwa Mathiya. Majemadari walichaguliwa kwa kuinua mikono, kwani vita vinataka ujuzi. Aliyepata kazi kubwa aliulizwa kwanza mbele ya watu: baba yako nani, wa kijiji gani, mama yako nani, makaburi ya jamaa yako yako wapi, unawatunza vema wazazi wako? Kisha wakauliza: nani anataka kumshitaki mtu huyu? Mafrateri watacheka kidogo, wakikumbuka yanayoulizwa mbele ya kupewa Daraja. Mara kumi kwa mwaka mkutano ulipiga kura kama wakubwa wanatawala vema. Na mwisho wa mwaka kila mmoja alitoa hesabu.

Mkutano ule waliuita ekklesia. Wahubiri wengine wanasema Eklezya ilichukua jina kwa Waatene. Si hivyo moja kwa moja: neno lilipita kwanza kwa Wayahudi waliofasiri Agano la Kale kwa Kigriki, wakataja hivyo mkutano wa Israeli.

Sasa turudi kwa Sokrates. Aristoteles hataji kifo chake hata kidogo. Lakini anasema nani aliyeanza kuwahonga waamuzi: Anytos, jemadari aliyeshitakiwa kwa kuupoteza mji wa Pylos, akaponyoka kwa rushwa. Ni Anytos yule yule aliyemshitaki Sokrates. Basi, katika siku za Aristoteles tunaona dawa waliyoitafuta. Kila mwamuzi ana kibao chenye jina lake. Vibao vinatiwa katika chombo cha bahati nasibu. Asubuhi hakuna anayejua ataketi katika baraza gani, hata mtoa rushwa hajui amfuate nani. Wakati wa hukumu kila mmoja anapewa vijiti viwili vya shaba, kimoja kina tundu katikati, kingine hakina. Anaviziba kwa vidole, jirani asione ametia kipi. Watu wa mji ule walijua kwamba waamuzi wananunuliwa, wakaanza kuziba matundu, moja moja.

Mwanafunzi akisoma kurasa hizo za mwisho kwanza, sura 63 mpaka 69, ndipo afungue Apologia, ataona baraza lile kwa macho mengine, ijapokuwa desturi nyingine ziligeuka katika miaka sabini ya katikati. Plato anatuonyesha mzee akitoka kwenda kufa. Aristoteles anamaliza kwa waamuzi wakipokea malipo yao, kila mmoja mahali alipopangiwa.