Kumpima Freddie Mercury nje ya Queen

Mwimbaji mkuu wa bendi ya roki anapotoa albamu yake mwenyewe, wengi huuliza kama sauti bado ipo. Swali hilo halifiki mbali. Cha kusikiliza ni hiki: nani sasa anambishia?

Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, ameacha kipimo ambacho waimbaji wachache wanacho. Albamu yake ya kwanza nje ya bendi, Mr. Bad Guy, ilitoka 1985, na vinanda vya umeme vimeitawala. Humo mna “I Was Born to Love You”. Freddie alifariki 1991. Wenzake wa Queen wakaichukua sauti ileile aliyokwisha kuirekodi, wakaipigia ala upya, na wimbo ukaingia katika albamu yao ya 1995, Made in Heaven.

Koo ni lilelile. Basi msikilizaji avae hedifoni, aanze na ule wa 1985. Freddie anapofika mwisho wa mstari, kinanda kinapita tu, kama daladala lililokwisha kujaa. Katika ule wa 1995 gitaa la Brian May linamdakia, ngoma za Roger Taylor zinamsukuma, na sauti iliyokuwa ikijitutumua bure imepata wa kushindana naye.

Si kwamba bendi hushinda kila mara. “Living on My Own”, wa albamu hiyohiyo ya 1985, ni wimbo wa upweke, na ukavu wa ala unaufaa kabisa. Freddie anayaacha maneno, anachezea silabi tupu kwa mtindo wa jazi, na hakuna wa kumwokoa. (Uliofika nambari moja Uingereza mwaka 1993 ni ule uliochanganywa upya kwa ajili ya disko.)

Mtihani mgumu ni albamu ya Barcelona ya 1988, alipoimba na Montserrat Caballé, bingwa wa opera. Hapa sikio litafute kama anajifanya mwimbaji wa opera. Hajifanyi: anabaki na mikwaruzo yake ya roki, na Caballé ndiye anayembishia. Toleo la 2012, lenye okestra kamili mahali pa vinanda, linazipa sauti zote mbili nafasi ya kupumua. Hata hivyo “How Can I Go On” usikilizwe kwanza katika toleo la 1988. Aliyepiga besi pale ni John Deacon, wa Queen.