Elisi Rafuni, Abunuwasi Mikononi: Uhakiki wa Thamani ya Vitabu Adimu vya Watoto Vyenye Picha

Katika biashara ya vitabu adimu, kitabu cha watoto chenye Kiswahili ndani yake aghalabu hupata bei kwa sababu moja kati ya mbili: kinabeba jina la mwandishi wa Kiingereza anayesakwa na wakusanyaji, au kimetunukiwa heshima ya uchoraji huko Marekani. Makala haya yanadai kwamba vigezo hivyo, ambavyo havikuwekwa na wasomaji wa Kiswahili, vinaamua kimyakimya ni picha zipi za utoto wa Waswahili zitakazomfikia mtafiti wa kesho. Mfano tutakaoutazama kwa kina ni Elisi Katika Nchi ya Ajabu, kwa kuwa ndani yake faida na hasara ya ukusanyaji zimeshikana.

Yafaa kwanza kuona uadimu unavyozaliwa. Mwaka 1865 zilichapwa nakala 2,000 za hadithi ya Alice ya Lewis Carroll. Mchoraji wake, John Tenniel, hakuridhishwa na jinsi michoro yake ilivyotoka, na Carroll akakubali chapa hiyo iondolewe. Nakala zake zinazojulikana leo hazifiki thelathini. Kitabu kinachopiganiwa minadani, kwa hiyo, ni kile ambacho mchoraji mwenyewe alikikataa. Kwa kuwa chapa hiyo haipatikani ila kwa matajiri wachache, tafsiri za Alice nazo zimekuwa uwanja wa ukusanyaji unaojitegemea. Warren Weaver, mwanahisabati wa Marekani, alikusanya tafsiri za lugha nyingi na kuziandikia kitabu, Alice in Many Tongues, kilichotoka mwaka 1964. Mkusanyo wake uko Harry Ransom Center, Texas. Mwaka 2015 ikatoka kazi ya majuzuu matatu, Alice in a World of Wonderlands, inayoshughulikia lugha 174. Kiswahili kimo humo, lugha moja kati ya hizo 174.

Elisi Katika Nchi ya Ajabu ilitolewa London mwaka 1940 na Sheldon Press, tawi la shirika la SPCK lililochapisha pia vitabu vingi vya shule na vya misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki. Mfasiri ni St Lo de Malet. Jambo linalokitofautisha na tafsiri nyingi za wakati wake ni kwamba Elisi amechorwa upya akiwa msichana Mwafrika. Hata hivyo, michoro yenyewe inafuata ile ya Tenniel: mpangilio wa wahusika katika fremu umebaki wa mchoraji wa Kiingereza, na mtoto mpya amewekwa pale alipokuwa wa zamani.

Mhakiki anaweza kuishia hapo na kusema kwamba huu ni ukoloni uliovikwa nguo ya mwenyeji. Sioni kwamba hukumu hiyo inatosha. Mtoto wa skuli wa miaka ya 1940 aliyekishika kitabu hiki alimwona msichana wa rangi yake akiwa mhusika mkuu, akiuliza maswali, akibishana na wafalme, akikataa kunyamazishwa. Katika vitabu vya skuli vya enzi ile, vilivyompenda mtoto mtiifu, hilo si jambo dogo. Ila ni kweli pia kwamba anabishana akiwa amesimama mahali alipopangiwa na mkono wa mbali. Mambo hayo mawili yako katika picha moja, na uhakiki unaochagua moja tu unaipunguza picha.

Sasa tuitazame tafsiri ya pili. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu kupitia Evertype. Hii ni kazi ya mtu aliyekulia katika lugha. Lakini picha zake ni za Tenniel mwenyewe, na msichana amerudi kuwa yule wa Uingereza. Katika muda wa miaka 75 maneno yamerejea nyumbani, na picha zimeondoka. Sababu si ngumu kukisia: michoro ya Tenniel haina tena mwenye haki anayepaswa kulipwa, ilhali mchoraji mpya lazima alipwe. Kwa msomaji mtoto, hata hivyo, sababu ya kihasibu haionekani. Anachokiona ni sura. Badiliko hili halidhihiriki mpaka vitabu vyote viwili viwekwe juu ya meza moja. Wakusanyaji wa Carroll wanaweza kufanya hivyo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili wa Dodoma, Eldoret au Kampala hawezi kirahisi.

Hiyo ndiyo faida ya ukusanyaji, na ni haki kuikiri: bila watu walioshikwa na uraibu wa Alice, Elisi angeweza kupotea kabisa. Hasara yake ni kwamba ameokolewa kama kiambatisho cha Carroll. Maelezo ya wauzaji humweleza mfasiri, mwaka, hali ya jalada. Ni nadra kuuliza nani alikisoma.

Kundi la pili, la vitabu vyenye heshima ya Marekani, linawakilishwa vyema na kazi za Muriel Feelings na mumewe Tom: Moja Means One (1971) na Jambo Means Hello (1974). Muriel alipata kufundisha Uganda, na Tom aliishi Ghana. Vitabu vyote viwili vilipata Caldecott Honor, heshima inayoifuata nishani ya Caldecott kwa vitabu vya picha. Hicho cha pili kina maneno 24 na si 26, kwa sababu waandishi walikubali kwamba Kiswahili hakina Q wala X, uaminifu mdogo unaostahili kusifiwa. Ila ni vitabu vya Kiingereza vilivyomlenga kwanza mtoto Mmarekani Mweusi anayetafuta asili. Vinakusanywa kwa haki kabisa, lakini havituambii mtoto wa Tanga alisoma nini.

Kuna kundi la tatu ambalo soko halilijui. Nani katika kizazi cha walimu wetu hakumjua Abunuwasi? Hekaya zake zilichapwa na kurudiwa, na vijitabu vya bei nafuu vya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, vilifika skuli za vijijini. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hapa kizuri kilisomwa hadi kikachanika. Karatasi duni huwa ya manjano na kuvunjika, pini za chuma hushika kutu katika unyevu wa pwani, na kurasa za katikati huchomoka zikiwa na picha zake. Nakala inayosalia imeandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya risasi, imepigwa muhuri wa skuli, pengine punda wa Abunuwasi amepakwa rangi nyekundu. Kwa mkusanyaji wa kawaida, hizo ni dosari zinazoshusha bei. Kwa mtafiti wa usomaji, huo ndio ushahidi wenyewe, na nakala safi isiyoguswa inamwambia machache.

Hapa suala linawahusu washauri wa sera. Sheria za nchi zetu zinazowataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho zilitungwa kwa kufikiria matini. Kitabu kikichapwa tena kwa maneno yaleyale na picha mpya, ni rahisi mkutubi kukihesabu kuwa kitabu kilekile, na katalogi inayomtaja mwandishi na mchapishaji huweza kumwacha mchoraji bila jina. Mabadiliko mawili hayahitaji bajeti kubwa: kila toleo lenye picha tofauti lihesabiwe kuwa chapisho jipya linalopaswa kuwasilishwa, na jina la mchoraji liwe kipengele cha lazima katika kumbukumbu za maktaba.

Kwa vitabu vya zamani, ununuzi minadani si njia yetu, na haina haja kuwa. Jella Lepman, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Vijana mjini Munich mwaka 1949, alianza katika Ujerumani iliyobomolewa na vita kwa kuziandikia nchi nyingine barua za kuomba vitabu vya watoto. Vitabu vilikuja. Vyetu viko karibu zaidi: kabatini mwa walimu wastaafu, katika stoo za skuli kongwe za Zanzibar, Mombasa na Bukoba, ndani ya maboksi yanayosubiri siku ya kufanya usafi. Atakayetumwa kuviomba aelekezwe asikatae kilichochanika, asifute jina lililoandikwa ndani, na aandike kando ya kila nakala nani alikuwa nacho na alikisomea wapi.