Wino Unaofanana na Penseli

Daftari la rambirambi la baba lililowa masika ya kwanza baada ya msiba. Maji yalipenya kwenye bati la stoo, yakashuka ukutani hadi kwenye sanduku ambamo mama huweka hati zake zote. Tulipolifungua, kurasa zilizoandikwa kwa bolpeni zilikuwa zimejikunja tu, majina yote yapo. Zilizoandikwa kwa peni ya jeli zilikuwa mawingu ya buluu. Siku ya msiba waandishi walipokezana chini ya turubai: binamu yangu alianza na bolpeni, ikamwishia, jirani akaazima peni ya mwanawe. Kwa hiyo waliofika asubuhi wamebaki, na waliofika mchana wameondoka na maji.

Mgeni wa misiba yetu anaweza kuona hapo karatasi zilizoharibika, basi. Lakini daftari lile ni deni. Aliyetuletea elfu kumi au ndoo ya mchele atafiwa siku moja, na siku hiyo mama atafungua daftari ajue pa kuanzia. Tukimsahau hatasema neno. Atakumbuka tu.

Mama akaniomba nilinakili upya. "Wewe ndiye mwenye mwandiko," alisema. Nikaanza kutafuta wino usioogopa maji, wa kutumia kwenye kalamu yangu ya kujaza, ile yenye ncha ya chuma ambayo huitoa mara chache kama nguo ya sikukuu. Rafiki aliyekuwa anarudi kutoka Marekani akaniletea chupa ya Lexington Gray, wino wa kijivu kilichokoza unaotengenezwa na Noodler's.

Nianze na chupa yenyewe. Ina mililita 90 hivi, na kama chupa nyingine za watengenezaji hao, imejazwa hadi mdomoni. Nilifungua kifuniko taratibu kama anayetegua bomu, nikachota kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hata hivyo vidole vilipata sehemu yao, na hiyo ilikuwa taarifa ya kwanza: sabuni ya kufulia ilitoa nusu, nusu nyingine nikaenda nayo kazini.

Kwenye karatasi, rangi inategemea ncha. Ncha pana inayotoa wino mwingi huacha kijivu kizito, kama wingu la mvua ambalo bado halijaamua. Ncha nyembamba huacha mstari ambao ungeapa ni wa penseli. Haung'ai, wala hauna buluu au kijani kilichojificha ndani yake. Nilimwonyesha mtoto wa dada yangu sentensi moja, akaenda kutafuta kifutio.

Nilijaribu karatasi za aina mbili. Kwenye daftari la shule la kurasa 48, lenye karatasi inayonyonya kama kitambaa, herufi zilitoa vijizizi pembeni, jambo linalozipata wino nyingi za majimaji kwenye karatasi hiyo. Kwenye kaunta buku, ambalo karatasi yake ni ngumu kidogo, mistari ilisimama sawasawa. Kisha nikaacha ukurasa ukauke usiku kucha, na asubuhi nikauweka chini ya bomba la uani. Nilihesabu hadi sitini. Maji yaliyotiririka yalikuwa karibu meupe, na nilipouanika ukurasa kwenye kamba pamoja na nguo, kila neno lilisomeka.

Siri yake inaeleweka vizuri ukiulinganisha na wino za zamani. Wino wa masizi, uliotumika kwa karne nyingi Asia na kwingineko, ni unga mweusi wa kaboni uliochanganywa na gundi. Haupauki kwa jua, lakini hukaa juu ya karatasi, na ukiachwa ukaukie ndani ya kalamu huziba njia. Wino wa chuma, ulioandika hati nyingi za Ulaya tangu zama za kati, ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma. Ukiandika huwa hafifu, kisha hukolea unapokutana na hewa. Nao una dhambi yake: ukichanganywa vibaya, asidi yake hula karatasi hadi herufi zinaanguka kama matundu. Lexington Gray hufuata njia ya tatu. Rangi yake hushikana na selulosi, yaani nyuzi zenyewe za karatasi. Ndiyo maana huweza kuosha chuma au plastiki ukafanikiwa, na karatasi ukashindwa.

Si haki kudhani kwamba wino unaotoka kwa maji ni wino mbaya. Parker walipoleta Quink sokoni mwaka 1931 walikuwa wakiuza ukaukaji wa haraka, na buluu yao ya kufulika ni rehema kwa mwanafunzi mwenye shati jeupe. Pwani yetu inajua pia wino wa kuoshwa kwa makusudi: kombe, ambapo aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Hapo maandishi hutimiza kazi yake yanapotoweka. Swali la kuuliza kuhusu wino wowote, basi, ni kwamba umepewa kazi gani.

Kazi yangu ilikuwa majina. Nilikaa na mama sebuleni jioni nne, yeye na daftari bovu, mimi na kaunta buku. Penye bolpeni nilinakili. Penye mawingu ya buluu tulikisia: mkia wa herufi, urefu wa neno, kumbukumbu ya nani alikaa na nani. "Huyu ni fundi cherehani wa kule chini, alikuja na mkewe." Kiasi alichotoa kilionekana kama elfu tano. Nikaandika elfu tano.

Jioni ya tatu mama akakumbuka kwamba fundi yule ndiye aliyelipia turubai. Elfu tano ilikuwa ya mtu mwingine. Nilitazama ule mstari wa kijivu, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaanza kutafuta kifutio mezani.

Hapo ndipo nilipouelewa wino huu, na ndipo pia ninapoulaumu kidogo. Sisi tuliofundishwa kuandika kwa penseli madarasa ya chini tunaijua rangi ile kama rangi ya ruhusa. Kijivu kilikuwa kwa ajili ya kukosea. Siku uliyoruhusiwa kushika peni ndiyo siku makosa yako yalipoanza kuonekana. Lexington Gray ina sura ya mazoezi na tabia ya hukumu. Mwandishi asiyejihadhari utamlaghai, atafikiri bado anajaribu kumbe ameshaandika. Kwa barua ya kawaida hilo si kitu. Kwa orodha ya madeni ya watu ni jambo zito.

Nilitaka kuuchana ukurasa. Mama akanizuia. "Kata mstari, andika pembeni. Mtu akiona umekata atajua ulifikiri."

Nikakata. Ukurasa ule sasa una elfu tano iliyopigwa mstari na neno "turubai" pembeni yake, vyote kwa kijivu kilekile, na ndio ukurasa ninaouamini kuliko yote.

Lipo swali ambalo mhakiki wa wino anapaswa kulijibu, na mama aliliuliza kabla yangu: "Bolpeni ya dukani isingetosha?" Kwa maji tu, ingetosha. Wino wa bolpeni ni wa mafuta, na daftari lenyewe lilikuwa shahidi. Ni rahisi, unapatikana kila kona, na hauhitaji bomba la sindano. Mwenye haraka, au mwenye karatasi nyepesi tu, asitume mtu ng'ambo kwa sababu yangu.

Lakini bolpeni ya buluu ingefanya jambo moja ambalo sikulitaka: ingefanana na daftari la kwanza. Baada ya miaka kumi mtu angeweza kulichukua kaunta buku hili akadhani liliandikwa siku ile, chini ya turubai, mbele ya watoaji. Halikuandikwa hivyo. Liliandikwa na mtoto wa marehemu, kwa kukisia, kutoka kwenye karatasi zilizolowa na kumbukumbu ya mjane. Kijivu kinakiri hilo kabla sijafungua mdomo. Nyeusi ingesema "hivi ndivyo ilivyokuwa." Kijivu kinasema "hivi ndivyo tulivyoweza kujua," kisha kinakataa kufutika, ili anayesema ashikwe na maneno yake.

Kwa hiyo nauona ni wino wa mnakili. Nisingeutumia kusaini mkataba, maana unaonekana kama unasita. Wala sikuupenda kwenye kadi ya harusi, ulipoyapa maneno ya furaha sura ya tangazo la ofisi. Lakini kwa kumbukumbu zilizotufikia nusunusu, kwa hadithi za wazee tunazoziandika baada ya wao kwenda, sijapata mwingine unaosema ukweli kiasi hicho kuhusu aliyeushika.

Kuna mistari saba kwenye kaunta buku ambayo haina jina. Kiasi kinasomeka, jina halikurudi. Mama hakutaka niweke hata alama ya kuuliza. Msiba ukitokea mtaani anaangalia ile mistari saba kwanza, kisha anachukua kanga yake na kwenda.