Nuru na Kivuli Katika Jani la Mkonge

Katika mimea inayopandwa nchi za baridi kwa uzuri wa majani yake, hosta, ambayo asili yake ni Japani, Korea na Uchina, husifiwa kuliko mingi kwa kupenda kivuli. Na la ajabu ni kwamba wanazuoni wa mimea wameiweka katika ukoo mmoja na mkonge wa Kimamba na Rudewa, ambao umri wake wote huumaliza mbele ya jua la Kilosa pasipo mti wa kuufunika. Nasaba hiyo ni ya dhati, kwani kromosomu za mimea yote miwili huhesabiwa kwa msingi wa 30. Hata hivyo ndugu hawa huipokea nuru kwa njia mbili mbalimbali, na atakaye kujua kwa nini shamba moja la katani hustawi ilhali jirani yake hudumaa hana budi kuanza na tofauti hiyo.

Jani la hosta ni pana na jembamba, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka mchana. Kwa hiyo jua likizidi, maji hupotea upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta, na kingo za jani huungua, hasa zile nyeupe zisizo na klorofili. Rangi nayo hufuata kadiri ya nuru. Hosta za manjano huwa na manjano ya kukolea zipatapo jua kiasi, na zikiwekwa kivulini hurejea ukijani. Ama zile za kibuluu, hazina rangi ya buluu ndani mwake abadan, bali zimefunikwa na nta nyembamba inayotawanya nuru, na nta hiyo ikiliwa na jua na mvua, kijani kilichokuwa chini yake hudhihirika.

Mkonge umeshika sabili nyingine. Vitundu vyake hufunguka usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei ovyo. Hewa ya kaboni inayoingia wakati huo huhifadhiwa ndani ya jani kwa namna ya asidi, hata alfajiri jani huwa na uchachu mwingi kuliko jioni. Kisha jua linapochomoza, vitundu hufungwa, na akiba ile ya usiku ndiyo inayotengenezwa kuwa chakula kwa nguvu ya nuru. Kwa mpango huo jua kali halina madhara makubwa kwa mmea huu, ila upungufu wa nuru humzuia mkulima kupata singa ndefu. Nta nayo ni nene, na katika Agave amaniensis, iliyopewa jina kutokana na Amani kule Usambara, hulipa jani weupe wa kibuluu. Na mmea huo ndio uliotumiwa mara mbili katika nasaba ya chotara namba 11648, ambayo huzaa majani zaidi ya 500 katika umri wake, ilhali mkonge wa kawaida hutoa kama 200 hadi 250.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo, kwa rai yangu, wakulima wengi hulidharau: kivuli kibaya kuliko vyote katika shamba la mkonge ni kile cha mkonge wenyewe. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na katikati ya Oktoba. Kwa hiyo saa sita mchana nuru hushuka karibu wima hadi chini, lakini asubuhi na jioni huingia kwa ubavu, na mistari iliyosongamana huizuia kabisa isiyafikie majani ya chini. Ndiyo hikima ya kupanda mistari miwili miwili: mita 1 baina ya mistari pacha, mita 0.8 baina ya mche na mche, na njia ya mita 4 kabla ya jozi inayofuata, hata hekta moja ikabeba miche 5,000 bila kuifukarisha kwa nuru. Ukataji nao ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Mmea huachiwa takriban majani 20 hadi 25, kwa sababu hayo ndiyo yanayoula mwanga na kulilisha jani changa. Anayekata kwa tamaa huivunja korja inayomlipa.

Huko Mikumi msitu wa miombo hufundisha somo la rangi kwa namna nyingine. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua kuanguka, miti huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba juu ya nchi kavu. Wekundu huo ni rangi ya antosiyani, inayodhaniwa kulikinga jani changa ambalo bado halijaweza kuimudu nuru nyingi, na jani likikomaa hugeuka kijani.

Mkulima mdogo wa Kilosa anayepanda chakula baina ya mistari ya mkonge mchanga naye aipime nuru vivyo hivyo. Mahindi, kwa kuwa ni marefu, yawekwe katikati ya njia ya mita 4, mbali na miche, na kunde zitambae kando. Na mara majani ya mkonge yanapoanza kuelekeana juu ya njia, chakula kihamishwe, kwani wakati huo nuru haitoshi viwili.