Nyundo: umbo la kale, maana ya baadaye

Wabantu wa kale hawakuacha maandishi, kwa hiyo ushahidi wa asili ya neno nyundo umo vinywani mwa wasemaji wa leo. Waganda husema ennyondo, Wanyarwanda inyundo, na magharibi kabisa Kikongo kina nzundu, neno linalogusa nyundo na fuawe pia. Kwa ulinganishi wa namna hii, kuanzia kwa Carl Meinhof mwaka 1899 hadi kwa Malcolm Guthrie aliyekamilisha juzuu zake mwaka 1971, wanaisimu wamekadiria mzizi *-jundo. Nyota hiyo huonya kwamba umbo halikusomwa popote. Hata hivyo, ile j haikuokotwa. Luganda husema enjala kwa njaa na enjovu kwa tembo, lakini nyumba ni ennyumba: nj hugeuka nny pale silabi inayofuata inapoanza kwa mb au nd. Ennyondo inatii kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo nz ya Kikongo na ny ya ukanda wetu zinaweza kabisa kuwa na chanzo kimoja. Doa lipo: Luganda ina o mahali Kiswahili kina u. Lakini o ya mwisho inaweza kuivuta irabu iliyoitangulia ifanane nayo, na badiliko dogo kama hilo halitoshi kuuvunja ulinganifu mpana wa konsonanti.

Kosa huanza pale mtu anaposema: neno ni la kale, basi na uhunzi ni wa kale vilevile. Chimbuko la Kibantu huwekwa kwenye mpaka wa Nigeria na Kameruni, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Chuma cha Buhaya, mkoani Kagera, alichokichimbua mwanaakiolojia Peter Schmidt kule Katuruka kinakadiriwa kuwa cha takriban miaka 2,500, na hata tarehe hizo zimezua mjadala. Pierre de Maret na F. Nsuka walipochunguza msamiati wa uhunzi mwaka 1977, hawakupata humo uthibitisho kwamba Wabantu wa mwanzo walifua chuma. Naafikiana nao. Mzizi unaweza kuwa ulitaja jiwe la kupondea, kisha ukahamia kwenye chuma. Baadhi ya wahunzi wa Afrika Mashariki waliendelea kuponda bonge la chuma kwa jiwe kabla ya kushika nyundo. Atakayepinga atasema huenda neno lilisafiri pamoja na ufundi wenyewe, baadaye sana. Hilo lawezekana katika baadhi ya lugha, ila neno la kuazima mara nyingi huacha sauti zisizofuata kanuni za lugha iliyolipokea, na konsonanti za ennyondo zinazifuata.

Ufalme wa zamani wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, una uzito wa pekee hapa. Miongoni mwa vifaa vya kifalme vya Bweranyange, makao ya wafalme wake, kulikuwa na vyuma vyenye umbo la nyundo na fuawe, na Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika mwaka 1995 jinsi uhunzi wa Karagwe ulivyofungamana na mamlaka. Kifaa cha kazi kilikuwa kimekwisha kuwa alama ya utawala. Msamiati wa Runyambo, lugha ya Karagwe, wa mwanaisimu Josephat Rugemalira ulitoka mwaka 2002, lakini msamiati wa jumla hauwezi kubeba kila jina la karakana. Wasomaji wa Nyaishozi na Kyerwa wenye wazee wa koo za wahunzi wawaulize jina la jiwe la kupondea, la nyundo ndogo na la fuawe, kila moja peke yake, na wayaandike.