Duka la Pumzi

Huku Ngorongo, kando ya Mto Rufiji, hakuna duka la kuzamia, wala hakuna sababu ya kuwapo. Mto huu una mamba na viboko, na maji yake ni mazito kama chai ya maziwa. Anayeingia humo anaingia kwa haja, si kutazama. Hata kule deltani, ambako meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa Julai 1915, hakuna mgeni anayeshuka kuiona. Mizinga yake 10 iliopolewa ikaenda kupigana bara, na mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa, mtu yeyote anaweza kuugusa. Meli yenyewe imemezwa na tope.

Hata hivyo, anayetaka kujua sifa za duka jema la kuzamia aanzie huku mtoni, kwa sababu maji yanayopita Ngorongo yana sauti kubwa katika kile atakachokiona mzamiaji wa Mafia. Yanashuka hadi delta, yanagawanyika, yanapenya kwenye mikoko ya Kibiti na Rufiji, hekta zipatazo 53,000, msitu wa mikoko usio na mfano wake Afrika Mashariki, kisha yanatoka baharini na tope lao na rutuba yao. Ng'ambo ndicho kisiwa cha Mafia. Upande wa magharibi, unaotazamana na delta, uko mji wa Kilindoni, na bahari yake mara nyingi ina ukungu. Upande wa mashariki iko Utende, kando ya Ghuba ya Chole, na huko maji ya bahari kuu huingia na kutoka juu ya matumbawe. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni mwendo mfupi wa gari. Mtu aliyeoga bahari zote mbili siku moja anaweza kudhani amebadilisha nchi.

Maduka ya kuzamia yamejikusanya Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Mgeni akiingia dukani anaona nguo za mpira zimetundikwa, miwani, mapezi ya miguuni, mikanda ya uzito, labda na fulana za kuuza. Hivyo vyote ni vya mbele. Ningemwomba apite hadi nyuma, kwenye kibanda chenye kelele, amtazame anayejaza mitungi. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu kabla ya wengine wote, kwa kuwa jina lake halimo kwenye picha za wageni na maisha yao yamo mkononi mwake.

Kazi yake inaonekana nyepesi: kuwasha kompresa, kufunga mpira kwenye mtungi, kungoja geji ipande. Mtungi wa kawaida una nafasi ya lita 11 hivi. Ukijazwa hadi baa 200, hewa iliyomo ingetosha kujaza mapipa 11 ya lita 200. Hewa inaposhindiliwa hupata moto. Mjazaji mwenye pupa hujaza haraka, mtungi unaunguza mkono, geji inasoma 200, na kesho yake asubuhi ukishapoa inasoma pungufu. Mjazaji mzuri hujaza polepole, huuacha mtungi upoe, huongeza. Hamalizi kazi kwa sababu geji imefika.

Kisha iko hewa yenyewe. Kompresa inavuta chochote kilicho karibu na mdomo wake. Kama moshi wa injini yake unarudi pale, au jirani anachoma takataka, au boti imeachwa ikiunguruma ufukweni, sumu inaingia mtungini pamoja na hewa. Ile mbaya kuliko zote, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Juu ya maji kiasi kidogo huenda kikampa mtu maumivu ya kichwa tu. Akishuka mita 30, ambako shinikizo ni mara nne ya huku juu, kiasi kile kile kinamwingia kwa nguvu mara nne. Ndiyo maana mdomo wa kompresa huwekwa juu, upande upepo unakotoka. Na pwani yetu upepo hauna upande mmoja. Kaskazi inavuma miezi yake, kusi inavuma miezi yake, kutoka pande zinazopingana. Bomba lililowekwa vizuri Januari linaweza kuwa linanyonya moshi Julai. Kitabu cha maelekezo cha kompresa, kilichoandikwa kiwandani mbali na Bahari ya Hindi, hakimwambii fundi wa Utende ageuze bomba kusi ikianza. Anajua mwenyewe.

Anajua pia kwamba vichujio vya mkaa vina umri, na kwamba hewa ya kisiwani ina unyevu unaovichosha upesi. Anaandika saa za kompresa kwenye daftari. Anafungua mtungi kila mwaka na kuchungulia ndani kama kuna kutu au chumvi. Kila baada ya miaka mitano mtungi unapelekwa kupimwa kwa shinikizo la maji, na tarehe inagongwa shingoni mwake. Anazo oringi za akiba, vile vipete vya mpira vya bei ndogo ambavyo kimoja kikipasuka safari nzima hurudi nyumbani. Jioni kila kifaa kinaoshwa kwa maji baridi, hata kipindi ambacho maji hayo yanabebwa kwa madumu, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani ya kipumulio hujenga mawe madogo, na siku moja kipumulio hicho kitaachia hewa kingali kinahitaji kubana. Duka likibana maji ya kuoshea, nami nabana fedha yangu.

Baada ya fundi, nahodha. Ghuba ya Chole hupumua kwa milango michache, na mkubwa ni ule wa Kinasi. Maji yakijaa, bahari kuu inaingia kupitia hapo ikiwa safi, na mzamiaji anachukuliwa kuelekea ndani ya ghuba, kwenye usalama. Maji yakipwa, mkondo unageuka, unatoka na uchafu wa ghuba, na unaelekea mahali ambapo hakuna nchi kavu nyingine kwa masafa marefu sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo huo haubishani na mapezi ya mtu yeyote. Kwa hiyo ratiba ya duka jema haiandikwi kwa saa za ukutani. Leo watatoka saa mbili asubuhi, wiki ijayo saa tano, na siku za maji mafu watakwenda mahali ambapo bamvua ingewakataza. Kusi ikikaza, nje ya mlango hapaendeki, wanazamia ndani ya ghuba.

Mambo haya wavuvi wa Jibondo, Juani na Chole waliyajua kabla ya hewa kutiwa mtungini. Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kipumulio chao mwaka 1943. Watu wa visiwa hivi walikuwa wameshazaliwa, wakazeeka na kuzikwa vizazi vingi wakihesabu mwezi na maji. Duka lililowakuta na hesabu hiyo na likaipa nafasi ndilo ninaloliita la mahali. Dalili yake huonekana asubuhi ufukweni. Nahodha akisema, "Leo maji makali, tungoje," mwenye duka, hata kama wageni wameshavaa na wamelipa, anajibu, "Sawa, mzee," na wageni wanavuliwa nguo za mpira. Nimeona pia mahali ambapo nahodha alisema hivyo akaambiwa apakie. Huko sikurudi.

Kukataa ni sehemu kubwa ya ufundi huu, na ni sehemu isiyoingiza hata senti. Mgeni mwenye mafua anakataliwa, kwa sababu masikio yake hayatasawazisha shinikizo. Aliyekunywa usiku kucha anakataliwa. Na swali la kwanza dukani, kabla ya saizi ya mapezi, lingekuwa hili: "Unaondoka lini, na kwa usafiri gani?" Mwili ukiwa chini hunyonya naitrojeni, na inataka muda kutoka. Mskoti John Scott Haldane alifanya majaribio kwa mbuzi, akatoa mwaka 1908 majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua. Mpaka leo mzamiaji hupanda polepole na kusimama dakika tatu mita tano chini ya uso wa maji. Lakini akipanda ndege mapema, shinikizo hupungua tena na viputo huweza kuumbika ndani ya mwili wake. Mwongozo unaofuatwa sana ni kungoja saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Anayeruka kesho asubuhi kwenda Dar es Salaam, leo mchana hazami, hata akilia. Anayerudi kwa kivuko cha MV Kilindoni hadi Nyamisati, kisha kwa barabara kupitia Kibiti, hapandi mlima wala haruki. Huyo anaweza kuzamia. Napenda kwamba njia yetu ya delta, ambayo wageni wengi huikwepa, ndiyo inayomruhusu mtu siku moja zaidi chini ya maji.

Ndani ya boti pawe na chupa ya oksijeni, na iwe imejaa. Mgeni ana haki ya kuomba kuiona geji yake. Mwenye duka jema hukasirika usipouliza.

Sasa niseme juu ya kufundisha, ambako moyo wangu uko zaidi. Kijana wa Jibondo aliyekulia kupiga mbizi akifuata pweza kwa miwani na mkuki ana kifua, ana macho, hana hofu. Lakini kanuni iliyomlea ni moja: ziba pumzi mpaka utokeze. Kwake ni kanuni sahihi, maana hewa aliyoshuka nayo aliivuta juu, na anaporudi inarejea ukubwa wake ule ule. Mpe mtungi, mambo yanageuka. Hewa aliyoivuta mita 10 chini itakuwa maradufu akifika juu. Akiibana kifuani, mapafu yanachanika. Kanuni ya mtungi ni kutobana pumzi kamwe. Kwa hiyo kijana hodari kuliko wote kijijini ndiye mwenye cha kusahau kingi zaidi, na mwalimu anayemfundisha lazima aielewe mbizi yake na kuiheshimu, amweleze kwa Kiswahili kilichonyooka kwa nini kile kilichomwokoa miaka yote kitamuua huku. Kumpa karatasi ya lugha nyingine atie sahihi si kufundisha.

Tunayajua matokeo ya mtungi bila mafunzo. Katika pwani hii wapo wanaozamia kwa mitungi kufuata majongoo bahari, kinyume cha sheria, wanashuka mara nyingi kwa siku, wanapanda haraka, na wengine hurudi miguu ikiwa imekufa ganzi. Tajiri wa mitungi hayupo kwenye boti. Duka linalochukua vijana wa kisiwani na kuwafikisha ngazi ya kuongoza wageni, kwa mshahara, linafanya kazi ambayo hotuba hazijaiweza.

Kijana huyo akishaiva, msikilize anavyowaeleza wageni kabla ya kuingia majini. Hatawaahidi papa potwe. Potwe huonekana Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, karibu na uso wa maji, wakila uduvi unaostawi katika maji yale ya ukungu ambayo wazamiaji huyalalamikia. Wageni huwafuata kwa miwani na mrija, bila mtungi. Zamani ilidhaniwa kwamba miezi mingine wanahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa kuwafunga vifaa vya sauti, ulionyesha kwamba wengi wao wapo tu mwaka mzima, ila wamesogea kwenye kina na mbali kidogo na pwani. Kiongozi mzuri atasema, "Tutakwenda, tutazima injini, tutangoja." Hatagusa, hatazingira. Na kwenye matumbawe atafunga boti kwenye boya badala ya kutupa nanga, kwa sababu anakumbuka, au amesimuliwa na wakubwa wake, joto la mwaka 1998 lililogeuza matumbawe ya Tutia kuwa meupe na kuua mengi. Kilichoota tena tangu hapo si cha kupondwa na chuma.

Kuna jambo jipya linalowakabili wazamiaji hawa. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na Mto Rufiji uliokuwa ukishuka kwa mapenzi ya mvua sasa unashuka kwa milango ya watu. Tope linalobaki nyuma ya ukuta halifiki deltani. Mikoko, uduvi, potwe, ukungu wa Kilindoni, vyote vimejengwa juu ya tope lile. Daftari la duka la kuzamia, ambamo kila siku huandikwa joto la maji, umbali ambao jicho linaona, mkondo, na nani kaonekana, huenda ndiyo kumbukumbu ya karibu zaidi tuliyonayo ya bahari ile kabla na baada ya ukuta. Ningetamani maduka yote ya Utende yaandike kwa namna moja na yaweke madaftari yao pamoja, na watu wa mtoni, wanaojua siku maji yalipopanda Ngorongo na siku yaliposhuka, waandike ya kwao, kisha mtu akae ayalinganishe tarehe kwa tarehe. Kalamu zipo, na wenye kujua wapo pande zote mbili za mkondo.